Kinyama kikiota kinywani: kipi ni cha kawaida, kipi kipimwe haraka, na kinatibiwaje

Katika ujumbe mnaotutumia studio kuhusu afya ya kinywa kuna maneno yanayorudi kila mara, yatoke Kilolo, Mbarali, Rungwe au Mufindi: kimeota kinyama mdomoni, lakini hakiumi. Baada ya hapo linakuja swali, nikiache au nikikate? Dakika chache za hewani hazitoshi kulijibu vizuri. Tumeliandika hapa ili ulisome taratibu kwenye simu yako, na umsomee pia mtu wa nyumbani ambaye macho yake hayawezi maandishi madogo.

Tuanze na hilo neno "hakiumi", kwa sababu ndilo linalowachelewesha wengi. Vinyama vingi vinavyoota kinywani si saratani, na vingi haviumi. Lakini saratani ya kinywa nayo, inapoanza, mara nyingi haiumi. Kinachomkesha mtu usiku kwa maumivu kwa kawaida ni jino lililooza au jipu la jino. Kwa hiyo maumivu ni mzani mbovu. Yanaweza kumkimbiza mtu hospitali kwa jipu dogo na kumwacha mwingine nyumbani mwaka mzima akiwa na kitu kibaya zaidi.

Tunaposema uvimbe usio saratani tunamaanisha uvimbe unaokua palepale ulipoanzia, bila kutuma mbegu zake kwenye mapafu, ini au tezi za shingo. Haimaanishi kwamba hauna madhara. Mbele tutaeleza uvimbe wa taya ambao si saratani na bado unaweza kumla mtu nusu ya mfupa wa uso.

Vile tunavyovikuta mara nyingi

Kinachojulikana zaidi ni kinyama kigumu kidogo, laini kwa juu, chenye rangi ileile ya shavu, kwenye mstari ambapo meno ya juu na ya chini hukutana. Wakati mwingine kinakuwa pembeni mwa ulimi. Hicho ni kovu lililorundikana. Chanzo chake ni jino lililovunjika lenye ncha kali, au mazoea ya kujing'ata shavu. Kinaweza kubaki na ukubwa wa punje ya harage kwa miaka. Tabibu hukiondoa kwa sindano ya ganzi, akashona nyuzi moja au mbili, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jambo moja lisisahaulike: ile ncha ya jino isiposawazishwa, kinyama kitaota tena palepale.

Kwa watoto na vijana kuna kivimbe cha mate. Hukaa upande wa ndani wa mdomo wa chini na huonekana kama tone la maji chini ya ngozi, pengine chenye rangi ya bluu kwa mbali. Mtoto alijing'ata au alianguka, kifereji chembamba cha mate kikapasuka, mate yakaanza kujikusanya. Kivimbe hupasuka chenyewe, kikatoa ute, kila mtu akafurahi, na baada ya wiki chache kimerudi. Ndiyo maana kukitoboa kwa sindano ya kushonea hakusaidii kitu zaidi ya kuingiza uchafu. Kisipopona chenyewe hutolewa pamoja na kile kitezi kidogo cha mate kilichoharibika. Kikitokea chini ya ulimi huwa kikubwa zaidi, kinausukuma ulimi juu mpaka maneno ya mtoto hayasikiki sawasawa, na wakati mwingine uvimbe hushuka hadi shingoni. Huo ni upasuaji wa hospitali kubwa, wenye dawa ya usingizi.

Mtu mwenye meno ya bandia yaliyolegea anaweza kuota mikunjo ya nyama pembezoni mwa sahani ya meno. Hapo dawa ya kwanza ni kuyavua, hasa usiku, na kutengenezewa mengine yanayomkaa vizuri.

Kuna pia chunjua za kinywani, zenye sura ya uyoga mdogo uliochanua au ua la koliflawa. Husababishwa na virusi vya papiloma. Moja peke yake huondolewa na mambo yakaisha. Zikiwa nyingi na zinarudi, tabibu anaweza kukushauri upime VVU, kwa kuwa mwili wenye kinga iliyoshuka huzishindwa. Usimwone amekutukana. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta watu wazima wenye VVU ni zaidi ya asilimia 11 Iringa na Njombe na zaidi ya asilimia 9 Mbeya, wakati nchi nzima ilikuwa karibu asilimia 5. Katika mikoa yetu tabibu asiyeuliza swali hilo ndiye anayestahili kulaumiwa.

Na kuna vinundu ambavyo si ugonjwa kabisa. Ukipapasa katikati ya kaakaa, au upande wa ndani wa taya la chini, ukakuta nundu ngumu kama mfupa, iliyofunikwa na nyama yenye afya, ambayo umekuwa nayo tangu ujana, huenda ni mfupa tu uliokua kwa umbo hilo. Mwonyeshe tabibu mara moja akuhakikishie. Hautibiwi, isipokuwa kama unazuia meno ya bandia kukaa.

Mama mjamzito, na mtu anayetumia dawa ya kifafa

Katika ujauzito fizi huwa laini na hutoa damu kirahisi. Kwa baadhi ya wanawake huota kinyama chekundu kati ya meno, mara nyingi ya mbele, kinachovuja damu hata kwa kuguswa na mswaki. Huwa kinakua haraka na kutisha familia nzima. Si saratani na hakimdhuru mtoto tumboni. Kosa linalofanyika ni mama kuacha kupiga mswaki kwa kuogopa damu. Uchafu unaongezeka, na kinyama nacho kinaongezeka. Apige mswaki laini mara 2 kwa siku, aoneshe kliniki, asafishwe meno. Baada ya kujifungua kinyama hiki mara nyingi husinyaa chenyewe. Kikivuja damu nyingi au kikimzuia kula kinaweza kuondolewa kabla ya kujifungua, na miezi ya 4 hadi 6 ndiyo yenye nafuu kwa mama. Kinyama cha sura hiyohiyo huweza kumtokea hata mwanamume, penye ugaga wa meno au kipande cha chakula kilichonasa.

Mtu anayetumia fenitoini kwa ajili ya kifafa, au baadhi ya dawa za presha kama nifedipini, anaweza kuona fizi zake zote zimenenepa na kuanza kufunika meno. Hapo si kinyama kimoja, ni fizi nzima. Tunasisitiza: usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako. Degedege la jikoni karibu na moto ni hatari kuliko fizi. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, aangalie kama inaweza kubadilishwa. (Kwa wafugaji wa nguruwe, kumbukeni kwamba sehemu ya kifafa cha nyanda zetu hutokana na tegu wa nguruwe. Tutaliandikia hilo siku yake.)

Kinyama chenye damu ndani

Hiki tumekitenga kwa makusudi. Kuna uvimbe mwekundu au wa zambarau, laini, ambao ukiubonyeza kwa kidole unapauka na ukiuachia rangi inarudi. Huo ni mkusanyiko wa mishipa ya damu, na wengine huzaliwa nao. Ukikatwa kwa wembe nyumbani, au ukifungwa uzi ili "udondoke", damu inaweza kukataa kukatika, na kutoka kijijini hadi hospitali usiku wa mvua ni safari ya kufa na kupona. Hata daktari hakimbilii kuukata. Hupanga kwanza, na mara nyingine hutumia dawa au sindano ya kuusinyaza. Kwa kuwa wewe nyumbani huwezi kujua kwa hakika kipi kina mishipa na kipi hakina, wembe na uzi viachwe kwa vinyama vyote.

Taya likivimba polepole

Hapa tunaomba utulie usome, maana ndipo watu wetu wanapopoteza zaidi.

Kuna uvimbe unaoanzia ndani ya mfupa wa taya, kwenye seli zilizobaki baada ya kutengeneza meno. Unaitwa ameloblastoma. Si saratani kwa maana ya kawaida, lakini unakula mfupa unaouzunguka. Takriban 4 kati ya 5 hutokea kwenye taya la chini, na wengi wanaoupata ni vijana na watu wa makamo, yaani watu wa kulima na kulea. Unakwenda polepole sana. Mwaka wa kwanza shavu limejaa kidogo, mwaka wa pili meno ya upande huo yanaanza kulegea, na kwa kuwa hakuna maumivu, mtu anasubiri mavuno, kisha anasubiri ada za watoto, na uso unazidi kuvutwa upande mmoja. Hospitali ya Muhimbili imepokea wagonjwa wengi wa aina hii kutoka mikoani wakiwa na uvimbe mkubwa ambao mwanzoni ungekuwa kazi ndogo zaidi.

Jino lililolegea bila kuoza, katika taya lililovimba, lisiwe la kung'olewa tu. Omba picha ya eksirei kwanza. Kuna watu waling'olewa meno mawili, matatu, manne, moja baada ya jingine, kidonda hakikufunga, na hakuna aliyepiga picha. Picha huonyesha mfupa uliotobolewa, mara nyingi kwa sura ya mapovu ya sabuni. Lakini hata picha peke yake haitoshi, kwa sababu kuna vifuko vya maji vya jino ambalo halijatoka vinavyofanana nao, na hivyo hutibiwa kwa njia nyepesi zaidi.

Ameloblastoma ikithibitishwa, kuikwangua tu kunaacha mizizi na inarudi. Kwa ile ya kawaida daktari bingwa hukata sehemu ya taya pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima, kisha huunganisha taya kwa chuma maalumu au mfupa uliochukuliwa nyongani, mguuni au ubavuni. Ni upasuaji mkubwa. Mtu hurudi kula na kuongea, ila anahitaji kuangaliwa tena kwa miaka mingi, hata zaidi ya 10, kwa sababu uvimbe huu una tabia ya kurejea mtu akiwa amekwisha kuusahau.

Watoto wachanga na "meno ya plastiki"

Tangu miaka ya 1980 nchini kumekuwa na habari za meno ya plastiki, wengine wakiyaita ya nailoni. Mtoto anaharisha na ana homa, mtu mzima anafungua kinywa chake, anaona fizi imetuna na kitu cheupe ndani, anasema hayo ndiyo yanayomuua. Yanachokolewa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli.

Kitu hicho cheupe ni jino la chonge la mtoto, ambalo bado halijakomaa. Kila mtoto analo, mgonjwa na mzima. Lingetoka lenyewe akiwa na mwaka 1 na nusu hivi. Kulichokoa kunamwachia mtoto damu inayovuja, usaha, hatari ya pepopunda na ya VVU kupitia chombo kilichotumika kwa wengine, na mara nyingi kunaharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Wakati huohuo kuharisha kulikomwangusha mtoto hakujatibiwa. Kunahitaji maji ya ORS, vidonge vya zinki na zahanati. Tunawaheshimu bibi zetu, na hili tunalisema mbele yao.

Vidoti vyeupe kama punje za mtama kwenye fizi au kaakaa la mtoto aliyezaliwa juzi navyo havina shida. Huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache.

Mtoto mkubwa kidogo, wengi wao wakiwa kati ya miaka 4 na 9, ambaye taya lake linavimba ndani ya wiki chache na meno yanalegea, huyo ni wa dharura. Inaweza kuwa saratani ya Burkitt. Inaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, ambaye aliiandika mwaka 1958. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kupita nchi za Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, akakuta ugonjwa huu uko zaidi kwenye nchi za chini zenye joto na mvua, na ni nadra milimani. Baadaye ilijulikana kuwa malaria na virusi vya Epstein-Barr vina mkono ndani yake. Kwa maana hiyo Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, ina sababu ya kuwa macho kuliko Mbeya mjini au Mafinga, ingawa mtoto wa mjini anaweza kuwa alilelewa kwa bibi yake huko chini. Ugonjwa huu huitikia vizuri dawa za saratani kama mtoto atafikishwa mapema. Hautibiwi kwa kung'oa meno.

Dalili za kutokusubiri

Kidonda au kinyama kisichopona ndani ya wiki 2. Doa jeupe au jekundu lisilofutika. Uvimbe mgumu ulioshikana na nyama ya chini, ganzi ya mdomo au kidevu, tezi ngumu shingoni, ulimi usiotembea kama zamani. Mzee anayevuta sigara au kuweka ugoro mdomoni, na jioni anakunywa ulanzi au komoni, akipata mojawapo ya hayo asisubiri, kwa sababu tumbaku na pombe vikikutana huongeza hatari ya saratani ya kinywa kuliko kila kimoja peke yake. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa au fizi nayo yapimwe, yanaweza kuwa saratani ya Kaposi inayoambatana na VVU.

Uvimbe wa chini ya kidevu unaopanda haraka, wenye homa na shida ya kumeza au kupumua, ni usaha wa jino ulioshuka shingoni. Huo ni wa kwenda hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Kipande kipimwe

Tabibu huanza kwa maswali: kilianza lini, kinakua kwa kasi gani, unatumia dawa gani, unavuta nini. Kisha ataangalia na kupapasa, pamoja na shingo. Pengine atapiga picha. Lakini anayetoa jina la mwisho la kinyama ni mtaalamu wa patholojia, anayekiangalia kwa darubini. Kinyama kidogo hukatwa chote na kupelekwa. Kikubwa huchukuliwa kipande kwanza, na matibabu hupangwa baada ya majibu.

Kwa hiyo ukiondolewa kinyama uliza: kinapelekwa maabara? Kisitupwe kwenye ndoo. Kinatakiwa kiwekwe kwenye chupa yenye fomalini, si maji wala spiriti, na chupa iandikwe jina lako. Hospitali isiyo na mtaalamu huyo hukituma kwenye hospitali kubwa zaidi, na majibu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi wanapotea. Kidonda kimepona, nauli ni kubwa, mtu haoni sababu ya kurudi, na karatasi yenye jibu inakaa kabatini. Acha namba 2 za simu, yako na ya jirani anayepatikana. Andika jina la tabibu na tarehe ya kurudi, na piga simu kuuliza kabla hujapanda gari.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uulize ni wapi wilayani kuna tabibu wa kinywa na meno. Kutoka wilayani rufaa huenda hospitali ya mkoa, kama ile ya Iringa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini. Mambo mazito zaidi huenda Muhimbili, na saratani huenda pia Ocean Road. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo usianze safari hiyo bila barua ya rufaa na picha zako mkononi. Gharama hutofautiana. Uliza mapema kama bima yako inalipia upasuaji na kile kipimo cha maabara pia, kwa sababu ni vitu viwili tofauti kwenye risiti.

Ukiwa umerudi nyumbani baada ya upasuaji mdogo, uma pamba safi uliyopewa kwa nusu saa. Damu ikiendelea, uma nyingine kwa nguvu nusu saa tena, na ikikataa rudi hospitali. Siku hiyo kula uji uliopoa, usisukutue wala kutema kwa nguvu, usivute, usinywe pombe. Kwa maumivu tumia paracetamol, si aspirini, maana aspirini huzidisha damu. Kuanzia kesho yake sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya kula, na uendelee kupiga mswaki meno mengine. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe na nyingine hutolewa baada ya wiki 1 hivi, kwa hiyo uliza zako ni zipi kabla hujaondoka.